Iringa kwa Miguu: Mwongozo wa Matembezi ya Kumbukumbu

Mji wa Iringa umekaa juu ya ukingo wa mlima, na bonde la Mto Ruaha Mdogo liko chini yake. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Mbeya hupita Ipogolo, hununua nyanya kupitia dirisha la basi, huinua macho kuutazama mji ulio juu, kisha huendelea na safari yake. Wengi wamepita hivyo miaka na miaka. Makala hii tumeiandika kwa ajili ya wale watakaokubali kushuka, kuupanda mlima ule na kuutembea mji kwa miguu wakiwa na mtu wa kuwaonyesha: wanakwaya waliokuja kuimba, wanafunzi wa dini, wanajumuiya, wageni wa parokia, na hata wenyeji ambao kila siku hupita mbele ya kuta hizi bila kuuliza ni nani aliyezijenga.

Matembezi yenyewe si marefu. Mtu mwenye afya huyamaliza kwa nusu siku, na wazee wakipumzika sokoni watayaweza pia. Yanayochosha ni mambo yanayosimuliwa njiani, kwa maana mji huu ulizaliwa vitani, na Kanisa letu lilifika huku wakati vita hivyo havijaisha.

Jina la mji ndilo somo la kwanza. Iringa yatokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Lakini ngome hiyo haikuwa hapa. Ilikuwa Kalenga, mwendo wa kilomita zipatazo 15 kutoka mjini, kwenye makao ya Mtwa Mkwawa, mwana wa Munyigumba. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashariki ya mji wa leo, Wahehe walikivamia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, wakamwua yeye na sehemu kubwa ya watu wake. Ushindi huo uliwagharimu Wahehe wenyewe maisha mengi. Wajerumani walirudi wakiwa wamejiandaa, na tarehe 30 Oktoba 1894 waliipiga Kalenga kwa mizinga na kuiteka. Mkwawa aliponyoka, akapigana vita vya msituni kwa karibu miaka minne. Mwaka 1896 Tom von Prince, yule ambaye Waswahili walimwita Bwana Sakarani, alianzisha kituo kipya cha kijeshi juu ya ukingo huu, na kituo hicho kikachukua jina la ngome iliyobomolewa. Kwa hiyo tunapotembea Iringa tunatembea katika mji wa mshindi uliovaa jina la aliyeshindwa. Kiongozi wa msafara aliseme hilo mapema, kabla watu hawajaanza kupiga picha.

Mahali panapofaa kuanzia ni Boma. Jengo hili la mawe la enzi za Wajerumani lilitumika baadaye kama ofisi za serikali, na tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni. Kazi hiyo ilifanywa kupitia mradi wa fahari yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa, chuo cha ndugu zetu Walutheri, nasi tunawashukuru kwa kuwa wametufanyia kazi ambayo ingeweza kuwa yetu pia. Ndani mna vyombo vya nyumbani, mavazi, silaha, picha na maelezo juu ya watu wa mkoa huu. Hapa ndipo pa kwanza pa kuulizia mwongoza wageni anayeijua historia. Tunashauri msafara usipite saa nzima katika vyumba hivyo, maana kilichomo ndani kitaeleweka zaidi mkirudi jioni kuliko asubuhi. Tazameni hasa unene wa kuta. Hakuna ajengaye kuta za namna hiyo katika nchi ambamo anajiona mgeni aliyekaribishwa.

Kutoka Boma msafara hushuka kuelekea Soko Kuu. Sokoni hapahitaji maelezo mengi. Panahitaji macho na salamu. Mtu asemaye "Kamwene" kwa mama anayeuza maharage atajibiwa kwa furaha, hata kama ndilo neno pekee la Kihehe alijualo. Vikapu vya Iringa, vilivyosukwa kwa ustadi na wanawake wa vijijini, ni zawadi njema kupeleka nyumbani, na ni adabu kununua kwa bei ya haki badala ya kubishana hadi mwuzaji akate tamaa.

Karibu na soko, mbele ya kituo cha polisi, pana mnara wa kumbukumbu ya Waafrika waliokufa wakati wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. (Kituo cha polisi hakipigwi picha, kiongozi awakumbushe vijana mapema ili asije akaenda kuwaombea msamaha.) Hapa ndipo maelezo mengi ya haraka huharibika. Wageni wengi hudhani kwamba Wahehe, waliopigana na Wajerumani kwa ujasiri ule, walikuwa mstari wa mbele katika Maji Maji. Haikuwa hivyo. Miaka saba tu baada ya kifo cha Mkwawa, Wahehe kwa sehemu kubwa hawakujiunga na vita hivyo, na wapo waliopigana upande wa serikali ya Kijerumani. Tusiwahukumu. Watu walioona ngome yao ikianguka na mashamba yao yakichomwa walijua bei ya vita kuliko sisi tunaoisoma vitabuni. Lakini mnara huo unatufundisha kwamba waliokufa hawagawanyiki kwa urahisi kuwa wetu na wao.

Kanisa nalo lilizika watu wake katika vita hivyo. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili walipokuwa safarini kusini ya nchi. Waamini wengi wa kusini wanaijua habari yao na huwaombea. Ni vema, hapo mnarani, kuwaombea kwa sala moja wao na wapiganaji waliowaua, na pia maelfu kwa maelfu waliokufa kwa njaa pale majeshi ya Kijerumani yalipoteketeza mazao. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na watu wa taifa lake. Alilazimika kusafiri hadi mahali penyewe ili kuyasema hayo, na hiyo ndiyo sababu hasa ya kufanya matembezi kama haya kwa miguu badala ya kuyasoma tu kwenye simu.

Kitanzini ni mtaa wenye maduka, kelele na watu wengi. Jina lake latokana na kitanzi, na simulizi za mji zasema kwamba hapo ndipo Wajerumani walipowanyonga watu. Tusitafute mti au nguzo. Tuusimamishe msafara mahali pasipozuia biashara za watu, tuseme habari kwa sauti ya chini. Moja ya habari hizo ni ya Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Mwishoni mwa mwaka 1896 Prince alimsimika kuwa mtawala wa Wahehe badala ya ndugu yake aliyekuwa porini. Mwezi Februari 1897, baada ya miezi miwili tu, Prince huyo huyo aliamuru anyongwe kwa kushukiwa kwamba anamsaidia Mkwawa kwa siri. Magdalene, mke wa Prince, aliyeishi naye hapa, alichapisha kumbukumbu zake za maisha ya Uheheni, na wanahistoria wanazisoma hadi leo. Wajane wa walionyongwa hawakuchapisha kitabu. Kwa hiyo wazee wa Iringa wanaosimulia yale waliyoambiwa na bibi zao wasikilizwe kwa heshima ile ile tunayovipa vitabu, hata pale masimulizi yao yanapotofautiana.

Tuliwahi kuandamana na kikundi cha vijana waliokuwa wakijiandaa kwa kipaimara. Tulipofika Kitanzini kijana mmoja aliuliza: "Mapadre walikuwa wapi siku hizo?" Katekista alinyamaza, nasi tukanyamaza. Swali lile ni zuri kuliko mengi tunayowauliza wao kabla ya kupakwa krisma, na anayeongoza msafara wa Kikatoliki mjini Iringa hana budi kuwa na jibu lake.

Jibu ni hili, kwa kadiri historia ituruhusuvyo. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, shirika lililotoka Ujerumani, walikuwa wamekwisha kufika Uheheni na kuanza misioni ya Tosamaganga kabla Mkwawa hajafa. Waliingia katika nchi ambayo ngome yake ilikuwa imevunjwa na jeshi la taifa lao wenyewe, wakitumia njia ambazo askari walikuwa wamezifungua. Walileta Injili, na Injili hiyo ndiyo tunayoiishi. Walifundisha, waliuguza, wakazikwa huku. Hayo ni ya kweli. Na ni ya kweli pia kwamba mtu wa Kalenga aliyemwona padre na ofisa wakizungumza lugha moja hakuwa na sababu ya haraka ya kuwatofautisha. Mtu asiyaseme yote mawili kwa pamoja atawadanganya vijana, ama kwa kumficha padre, ama kwa kumfanya askari aliyevaa kanzu.

Mama Kanisa hakutuacha bila mwongozo katika jambo hili. Tarehe 12 Machi 2000, Dominika ya kwanza ya Kwaresima katika Jubilei Kuu, Mtakatifu Yohane Paulo II aliongoza katika Basilika la Mtakatifu Petro sala ya kuomba msamaha kwa dhambi za wana wa Kanisa, zikiwemo zile zilizotendwa dhidi ya haki za watu na heshima ya tamaduni zao. Mwaka huo huo Tume ya Kimataifa ya Taalimungu ilitoa hati juu ya kumbukumbu na upatanisho, ikieleza maana ya kutakasa kumbukumbu: kuyatazama ya zamani bila chuki na bila kisingizio. Kwa maoni yetu Kitanzini ni mahali pazuri kuliko darasani pa kuieleza hati hiyo, mradi iwe kwa dakika chache, maana jua la saa sita halina huruma.

Msafara ukiendelea katika mitaa ya biashara utauona msikiti wa Waismailia wenye mnara wa saa, mojawapo ya alama zinazojulikana zaidi za mji huu. Wahindi wafanyabiashara waliufuata mji mpya mapema, na maduka yao ndiyo yaliyoupa moyo wa mji sura tunayoiona. Hapa tunapita kwa heshima, bila kuingia kama hatukukaribishwa. Vivyo hivyo tunawahimiza wageni wawatembelee ndugu wa Neema Crafts, kazi iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambapo watu wenye ulemavu hutengeneza vitu vya mikono na viziwi huhudumia mgahawani. Kuna karatasi mezani zinazoonyesha ishara za kuagiza chai. Ni jambo la kufurahisha kumwona mhubiri mashuhuri akihangaika kuomba sukari kwa vidole.

Kanisa la Mshindo lipo katikati ya mji na lafaa kwa mapumziko na sala ya mchana. Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu lipo Kihesa, upande wa barabara ya kwenda Dodoma. Wenye nguvu wataenda kwa miguu, wengine wapande daladala bila aibu. Popote mtakapokaa, hapa ndipo pa kueleza jinsi misioni ilivyobadilika mikono. Agosti 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Iringa. Makaburi ya vita yaliyopo pembezoni mwa mji yanawahifadhi waliokufa katika Vita Kuu ya kwanza na ya pili, Waingereza na Wajerumani katika udongo mmoja. Wabenediktini, kwa kuwa walikuwa Wajerumani, waliondolewa. Mwaka 1919 Wamisionari wa Konsolata kutoka Italia walikabidhiwa kazi, watoto wa yule Yosefu Allamano aliyetangazwa kuwa Mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Mwaka 1922 ikaundwa Prefektura ya Kitume ya Iringa, na tarehe 25 Machi 1953 likawa Jimbo. Mwaka 1968 Njombe ilizaliwa kutokana nalo. Katika mabadiliko hayo ya mapadre, makatekista wenyeji ndio waliolinda imani vijijini. Majina yao hayapo kwenye minara, ila wajukuu wao wako katika jumuiya zetu, na kiongozi mwerevu atamwalika mmoja wao azungumze.

Ambaye ana siku ya pili aende Kalenga na Tosamaganga. Hizo si safari za miguu kwa walio wengi, lakini matembezi ya mjini hubaki nusu bila hizo.

Kalenga pana makumbusho madogo, na ndani yake, katika sanduku la kioo, fuvu la Mkwawa. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezungukwa huko Mlambalasi, Mtwa alijipiga risasi asishikwe akiwa hai. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Ilichukua miaka 35. Gavana Edward Twining alilitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Waamini huuliza kama ni halali kwa Mkristo kulitazama fuvu la mtu katika kioo. Kuzika wafu ni tendo la huruma, na moyo wa Kikristo hupenda mwili upumzike ardhini. Lakini ukoo wa Mkwawa ndio wenye neno hapa, na kwao fuvu hili lililonyang'anywa kisha likarudi ni ushahidi wa yaliyotendeka. Sisi tunashauri jambo jepesi: vueni kofia, msiingize mzaha, msipige picha bila ruhusa, na atakaye amwombee marehemu kimoyomoyo. Juu ya namna alivyokufa, Katekisimu yatukataza kuukatia tamaa wokovu wa watu waliojiua, kwa sababu Mungu anazo njia azijuazo Yeye.

Tosamaganga ipo juu ya kilima, upande huo huo wa kusini-magharibi. Jina lake kwa Kihehe lahusu kutupa mawe, nayo simulizi za asili yake ni zaidi ya moja. Kanisa lake la zamani, shule, nyumba za masista na hospitali vinasimulia miaka mingi ya kazi. Masista Wateresina walianzia hapa, wakiwa shirika la mabinti wa nchi hii, na hospitali ingali ikiwahudumia watu wa vijiji vingi ikisaidiwa na madaktari wa shirika la CUAMM la Italia. Msimalize kutembelea kanisa mkasahau makaburi. Ukisoma majina na umri wa waliozikwa pale, utaelewa kwamba wengine walikuja wakiwa vijana na hawakurudi kwao.

Wasomaji wetu wa Mbeya, ambako ndiko makao ya Jimbo Kuu la kanda yetu tangu mwaka 2018, wameuliza kwa nini tumeanza na Iringa. Sababu ni umri wa mitaa. Mbeya, ulio mkubwa zaidi leo, ulianza chini ya Waingereza katika miaka ya 1920 na kukua kwa dhahabu ya Lupa huko Chunya. Hauna boma la vita vya Mkwawa. Una Mlima Loleza, una stesheni ya TAZARA na masoko makubwa, una kumbukumbu ya wachimbaji waliokuja kutoka kila upande, na matembezi yake yangefuata kazi na uhamiaji badala ya ngome. Tutaandika juu yake kwa nafasi yake.

Baki la kusema ni la kituo cha mwisho mjini, Jiwe la Gangilonga. Ni mwamba mkubwa upande wa kaskazini-mashariki, na jina lake lamaanisha jiwe lisemalo. Yasemekana Mkwawa alikuwa akienda pale kutafakari, na kwamba ni hapo alipopata habari ya kuwa Wajerumani wanamwinda. Njia ya kupanda haihitaji kamba wala ujuzi, ila viatu vya kukanyaga vizuri na tahadhari wakati wa mvua. Nendeni kama kumi na moja jioni, mkiwa wengi, mkibeba maji na sweta. Mwezi Juni na Julai upepo wa huko juu huuma. Mji wote huonekana: paa za Kihesa, mnara wa saa, bonde la Ruaha. Wakatoliki wakipenda wasali Malaika wa Bwana hapo saa kumi na mbili, na wasio Wakatoliki wapewe nafasi ya kukaa kimya. Kisha mshuke mara, kabla giza halijafunika njia, na kiongozi awahesabu watu wake chini ya jiwe kama alivyowahesabu asubuhi Bomani.